Mawe Yaliyotoka Mkononi Siku Mbili: Maisha ya Masolwa Sayi Lugembe, 1966–2025

Wapendwa mliofika hapa Puge leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, wa kutoka Tabora mjini, wa Nzega, wa Igunga na ninyi wa hapa hapa kijijini, familia inawashukuru kwa miguu yenu. Maisha ya Mzee wetu yatasomwa kwa ufupi kwa sababu jua limeshapanda na wengine mmekaa juani. Iko sehemu moja tu itakayochukua muda. Hiyo aliomba mwenyewe isifupishwe.

Marehemu Masolwa Sayi Lugembe alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Sayi Lugembe na Mama Dafrosa, ambao wote wametangulia. Mama Dafrosa alikuwa shambani akichuma pamba uchungu ulipomshika, na mkunga akamlaza mtoto juu ya gunia. Mpaka anazeeka alikuwa akiwaambia wakweze kwamba mwanawe ndiye mtu pekee Puge aliyelalia pamba kabla wanunuzi hawajaipima.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 katika shule ya msingi ya kijiji. Akiwa darasa la tatu alimsindikiza baba yake kupeleka pamba ghalani. Mzee Sayi hakujua kusoma. Alisimama mbele ya mizani, kofia mkononi, akiangalia paa, kwa sababu hakutaka watu wajue kwamba zile namba hazimwambii kitu. Masolwa akazisoma kwa sauti. Karani alikuwa ametaja namba nyingine. Karani akasema huyu mtoto ana macho mazuri, akafuta alichoandika. Toka siku hiyo wazee wa Puge walikuwa wakimwazima Masolwa kwa baba yake siku za kuuza, kama watu wanavyoazimana jembe. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, akasoma sekondari mjini Tabora kuanzia 1981 hadi 1984, kisha akapata mafunzo ya vipimo na mizani Dar es Salaam mwaka 1987 na 1988.

Tarehe 1 Julai 1989 aliajiriwa na Ofisi ya Haki ya Mnunuzi, Kanda ya Magharibi, ile iliyokuwa nyuma ya stesheni ya Tabora. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye maduka, mashine za kukoboa na maghala ya mazao, ahakikishe kilo ni kilo na lita ni lita. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Kila alipokwenda kukagua alibeba maji yake kwenye chupa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, maana hakukubali kunywa hata kikombe cha maji cha mtu ambaye atampima. Wafanyabiashara wa mtaa wa Mtendeni, Tabora, wakampa jina la Bwana Michembe.

"Bwana Michembe," Mama Hafsa mwenye duka la nafaka alimwambia siku moja, "hata salamu yangu huipokei mpaka uiweke kwenye mizani?"

"Yako imezidi, Mama Hafsa. Punguza kidogo nipokee."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alicheka, lakini chupa yake ya maji hakuiacha.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1994 alifunga ndoa takatifu na Bertila, binti wa Igunga. Mungu akawajalia watoto watatu. Sayi alipozaliwa mwaka 1996, nesi aliandika kilo tatu. Siku ya arobaini baba yake alimbeba mtoto mpaka ofisini, akampima kwa mizani ya serikali, akarudi akamwambia Mama Sayi kwamba nesi alikuwa amemwibia mtoto kilo nzima. Mama Sayi akamuuliza kama hajui kwamba mtoto wa siku arobaini huwa ameongezeka. Akafikiri, akasema, "Hilo sikulipigia hesabu." Mwaka 2003 walihamia kwenye nyumba yao Mtendeni. Huko ndiko alikokutana na Bwana Adinani Kondo, ambaye nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja.

Hapa ndipo panapohitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu wako vijana na wageni ambao hawajui mambo haya.

Bwana Adinani ni mtu wa Tabora wa siku nyingi, ana maghala ya mpunga, mashine za kukoboa na malori. Lakini babu wa baba yake alikuwa Mzaramo, alikuja na misafara ya zamani kutoka Pwani. Alipofika Kwihara, hapo karibu na Tabora, akaugua, wenzake wakaendelea na safari wakamwacha. Akapona, akaoa, hakurudi. Kwa hiyo Adinani ni Mzaramo na Marehemu alikuwa Mnyamwezi, na hao ni watani tangu wabebane mizigo njiani. Mtani anakutukana na hajakukosea. Anachukua kitu chako na hajaiba. Ukifiwa, yeye ndiye anayehangaika na jeneza na kuni na chakula, huku akikuchekesha. Kumkasirikia huwezi, na kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ndiyo kabisa huwezi.

"Wewe mpagazi," Adinani alikuwa akiita juu ya ukuta kila asubuhi, "leo unambebea nani mzigo?"

"Nambebea mla nazi mmoja, ameshindwa kutembea kwa kitambi."

Watoto wa mtaa walikuwa wakingoja hayo kabla ya kwenda shule.

Sasa, katika kazi ya Marehemu kulikuwa na sanduku. Lilikuwa la mbao, ndani lina kitambaa laini, na juu ya kitambaa mawe ya mizani ya shaba. Hakuyashika kwa mkono mtupu kwa sababu alisema jasho hula shaba. Mawe mengine yote ya ofisi, hata yale makubwa ya chuma ya kupimia magunia, yalilinganishwa kwanza na haya. Kanuni ilikuwa moja: sanduku lisitoke mikononi mwa mwenye dhamana. Likitoka, hata kwa saa moja, anaandika taarifa, mawe yanapelekwa Dar es Salaam kupimwa upya, na mpaka yarudi hakuna mizani inayokaguliwa katika kanda nzima.

Jumamosi tarehe 17 Julai 2021 Marehemu alikuwa kazini Igunga alipopigiwa simu kwamba Mama Dafrosa amefariki. Alikuja moja kwa moja hapa Puge, sanduku kwapani, kwa kuwa kanuni haikuruhusu kuliacha kwenye gari. Akaliweka chini ya kitanda cha mama yake. Adinani naye akaja na lori lake, na turubai, mchele na wapishi. Siku ya mazishi, Jumatatu tarehe 19, waombolezaji walipokuwa wamekaa, Adinani akatoka ndani na sanduku kichwani, anatembea kama mpagazi, anaimba.

"Mali ya marehemu mama yenu nimeichukua," akasema. "Anayeitaka alete jogoo mweupe."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia tena. Marehemu naye alicheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu apokee simu. Adinani akapakia sanduku kwenye lori na kuondoka nalo. Ndivyo mtani anavyofanya, na mfiwa akidai kitu chake kabla ya siku ya kuanua matanga anakuwa amemtukana mtu aliyekuja kumzikia. Jogoo akapatikana Jumatano, na sanduku likarudi, limefungwa vile vile.

Marehemu alipaswa kuandika taarifa. Aliketi na karatasi siku mbili, Mama Sayi alimwona. Ulikuwa msimu wa kuuza mpunga. Mawe yakienda Dar es Salaam, wanunuzi wangepima wanavyotaka miezi mitatu. Halafu angeandika nini? Kwamba mawe ya serikali yalichukuliwa kwa utani msibani kwa mama yake, na kwamba aliyeyachukua ni mfanyabiashara? Bosi wake, Bwana Fikiri, ni mtu wa kuja, asingeelewa. Na kumwandika mtani kwenye taarifa ni kumshtaki. Akayalinganisha mwenyewe na mawe mengine ya ofisi, akaona yako sawa, akakunja karatasi. Alimwambia Mama Sayi, "Hayakuguswa. Mtani hawezi kuyagusa." Na kweli hayakuguswa, hilo hata Adinani mwenyewe hajawahi kulikana.

Mwaka 2022 Adinani alimpa kijana Sayi kazi ya udereva wa lori katika ghala lake. Marehemu hakupenda. Sayi alikuwa amekaa mwaka mzima bila kazi na alikuwa anataka kuoa.

"Nikimkatalia atasema nini?" Marehemu alimuuliza mkewe. "Mtoto wa mtani ni mtoto wake."

Mwezi Januari 2023 akina mama wa hapa Puge walimfuata Tabora. Mama Pelagia, mjane, ndiye aliyesema kwa niaba yao, na yuko hapa leo. Alisema, "Masolwa mwanangu, mpunga naupima nyumbani kwa debe, najua kilichomo ndani ya gunia. Nikifika kwenye kituo cha ununuzi unapungua. Unapungulia wapi wakati nimeupakia mwenyewe nikaukalia njiani?"

Marehemu akaja na mawe makubwa ya chuma, akayapanga juu ya mizani ya kituo. Mizani ilikuwa inakula kilo sita kwa kila gunia. Kituo kilikuwa cha Adinani.

Hakumwandika. Alikwenda ukutani.

"Mtani, mizani yako ya Puge inakula."

"Ina njaa. Imekaa na Wanyamwezi muda mrefu."

"Irekebishe."

"Nitairekebisha, mpagazi wangu. Usilie."

Mwezi Mei akarudi, ikawa inakula kilo sita zile zile. Ndipo alipoifunga kwa lakiri na kufungua shauri. Jioni Adinani alikuja mlangoni, hakuita juu ya ukuta. Alisimama nje na kanzu yake nyeupe.

"Mtani hamshtaki mtani," akasema.

"Sikukushtaki wewe. Nimeshtaki mizani, na mizani si mtani wangu."

Adinani hakucheka.

Mwaka huo huo wafanyabiashara wakubwa wa huku kwetu walikuwa wameungana na kuunda Umoja wa Wafanyabiashara wa Njia ya Kati, na Adinani alikuwa makamu mwenyekiti. Walitaka Ofisi ya Haki ya Mnunuzi ifutwe kabisa. Walikuwa na kipindi redioni kila Alhamisi. Waligawa tisheti na kofia mnadani zimeandikwa OFISI IKIFUNGWA BEI ITASHUKA. Walisema mkaguzi ndiye anayepandisha bei ya mchele, kwamba mteja ana akili zake na hahitaji kulindwa kama mtoto mchanga, na kwamba soko litajirekebisha lenyewe. Watu wengi waliyapokea maneno hayo, kwa sababu bei ilikuwa juu kweli na tisheti zilikuwa za bure. Hata akina mama wa Puge walizivaa kwenda shambani. Marehemu aliziona, akapita. Tisheti ni nguo.

Shauri likapangwa kusikilizwa Tabora mbele ya Baraza la Malalamiko, Jumanne tarehe 12 Septemba 2023. Wiki moja kabla, habari zikamfikia Bwana Fikiri kwamba wakili wa Umoja ana swali kuhusu sanduku. Akamwita Marehemu ofisini, akafunga mlango. Marehemu mwenyewe aliyasimulia haya nyumbani, neno kwa neno.

"Mzee Masolwa, ni kweli?"

"Ni kweli, bosi."

"Nani alikuwepo?"

"Msiba mzima."

"Msiba mzima hauji barazani. Na Kondo hawezi kusimama mbele ya watu aseme alichukua mali ya serikali. Atakuwa amejifunga mwenyewe. Watakuuliza wewe tu. Ukisema hapana, imeisha. Ukisema ndiyo, kesi zote tulizofungua tangu siku ile zinaanguka, na ofisi wanaifunga. Kuna watu kumi na tisa hapa wana watoto." Kisha akasema polepole, "Ni neno moja, mzee wangu."

Wiki ile Marehemu hakula vizuri. Alikuwa akikaa uani, sanduku mbele yake, analifungua na kulifunga. Akisema hapana, anakuwa mtu aliyedanganya juu ya kipimo, na toka darasa la tatu hakuwahi. Akisema ndiyo, Mama Pelagia na wenzake wanarudi kwenye mizani inayokula, safari hii bila wa kumwita. Akimkasirikia Adinani, anavunja kitu ambacho si chake peke yake. Mama Sayi alimuuliza kwa nini asimwendee mtani wazungumze. Akajibu, "Nikamwambie nini? Arudishe siku mbili?"

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Wakili, dada mmoja kutoka Dar es Salaam, aliuliza kwa adabu tu: "Mzee, tangu ukabidhiwe mawe haya, yamewahi kutoka mikononi mwako?"

Bwana Fikiri alikuwa mstari wa mbele, anamwangalia. Adinani alikuwa upande wa pili, anaangalia simu yake. Mwenyekiti akamuuliza Marehemu kama amesikia swali.

"Nimesikia," akasema. "Yaliwahi. Siku mbili, mwezi wa saba mwaka 2021. Nilikuwa msibani kwa mama."

"Nani alikuwa nayo?"

"Mtani."

"Ana jina?"

"Yumo humu ndani. Akitaka atajitaja."

Adinani hakujitaja. Shauri likatupwa. Mashauri mengine arobaini na moja ya tangu mwezi ule yakatupwa nalo, yale ya mafuta, ya sukari na ya mbolea, ya watu ambao Marehemu hakuwahi kuwaona. Mizani ya Puge ikafunguliwa lakiri Ijumaa ya wiki ile ile.

Yaliyofuata yalimuumiza kuliko hayo. Umoja walichapa maneno yake. Karatasi zilibandikwa kuanzia sokoni mpaka stesheni, zina picha yake: MKAGUZI MWENYEWE AKIRI: VIPIMO VYA OFISI HAVIAMINIKI. Redioni walimsifu. Adinani alisema kwa sauti yake, "Yule ni mtani wangu, na ni mtu mkweli kuliko wote ofisini kwao. Yeye mwenyewe ameona ile ofisi haina maana tena." Marehemu alikuwa uani anachambua maharage. Alisikia mpaka mwisho, akazima redio, akaendelea kuchambua.

Ofisi ilimsimamisha kazi kwa barua ya tarehe 2 Oktoba 2023, kwa nusu mshahara. Barua ilisema asiongee na chombo chochote cha habari wala kusimama kwenye mkutano wowote unaohusu ofisi mpaka uchunguzi uishe. Timu ya serikali ya kukusanya maoni juu ya kufutwa kwa ofisi ilipokuja Tabora mwezi Februari 2024, mkutano ulikuwa kwenye ukumbi ulio jengo la pili kutoka nyumbani kwake. Vipaza sauti vilisikika uani. Watu wa Umoja walisoma maneno yake mara tatu, na yeye akiwa amevaa shati lake la kazini, amekaa kwenye kiti, barua mfukoni. Mama Sayi akamwambia, "Nenda tu. Watakufanya nini zaidi?" Akasema, "Watasema na barua nimeivunja. Watasema mnaona, hata barua haiheshimu." Alikaa pale mpaka wakamaliza, wakaanza kukunja viti.

Ofisi ilifungwa Jumapili tarehe 30 Juni 2024. Kibao kilipakwa rangi. Uchunguzi wake haukuisha kwa sababu aliyepaswa kuumaliza naye alikuwa ameachishwa kazi.

Kwa miezi hiyo nyumba ya Mtendeni ilikula mshahara wa Sayi, yaani wa ghala la Adinani. Marehemu alijua kila sahani imetoka wapi. Kulikuwa na siku alikuwa anasema ameshiba kabla hajakaa mezani. Jenifa, mke wa Sayi, wakati huo alikuwa mjamzito, na Marehemu alikuwa akimsogezea sahani yake na kumwambia, "Kula, mama. Wewe huna kosa na mtu."

Bei ya mchele haikushuka. Mama Pelagia alikuja mwezi Agosti akamweleza kwamba mizani sasa inakula kilo tisa. Hakuja kumlaumu. Alisema, "Nimekuja kukwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia." Akamwachia mahindi mabichi, akarudi zake.

Mwezi Oktoba 2024 Marehemu alianza kuvimba miguu. Hospitalini Tabora walimwambia ni figo, na shinikizo la damu la siku nyingi. Alilazwa mara nne. Alikuwa mgonjwa mpole, hakumsumbua mtu, isipokuwa manesi walimlalamikia kwamba kila akipewa dawa ya maji alitaka kuona alama kwenye kikombe.

Adinani alikuja kumwona mara nyingi. Lazima hilo lisemwe. Alileta sukari, mafuta na shuka. Tarehe 28 Januari mwaka huu alikaa kando ya kitanda nyumbani, akaanza kama kawaida.

"Mpagazi, ukifa nakula mbuzi wako yule mweusi."

"Utamla. Ana mafuta kama wewe."

Wakacheka wote wawili. Jenifa alikuwa pembeni ananyonyesha, Mama Sayi anakunja nguo. Kisha Marehemu akasema, "Adinani." Alimwita jina. Mama Sayi aliacha kukunja, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kumsikia akimwita jina.

"Nikuombe kitu. Alhamisi ukienda redioni, sema nilichosema. Nilisema mawe yalitoka mkononi mwangu siku mbili. Sikusema ofisi haina maana. Sikusema mizani yako ni mizima."

Adinani akashika goti lake. "Yale yamepita, mtani."

"Kwangu hayajapita."

"Mimi si peke yangu kule. Wakubwa wako juu yangu, ofisi nyingine tatu zinafuata kufutwa, kila mkutano wanakutaja wewe. Nikisimama leo niseme mzee hakusema hivyo, unafikiri wataniacha na ghala?"

"Sijui. Mimi hawakuniacha na kazi."

 Adinani alisimama, akasahau kofia yake kitandani, Mama Sayi akamkimbilia nayo mlangoni. Alhamisi ile Marehemu aliomba redio. Kipindi kilikuwa cha nauli za malori.

Baada ya hapo alisema jambo moja tu kuhusu shauri lile. Aliwaambia waliokuwa karibu naye, "Mkiandika maisha yangu, andikeni nilichosema, kama nilivyokisema. Msiongeze, msipunguze." Alipokea Mpako wa Wagonjwa Jumapili tarehe 9 Februari. Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mtendeni, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Sayi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Alhamisi watu wawili kutoka Umoja walileta jeneza, na ratiba ya mazishi iliyochapwa tayari, ya rangi, nzuri, yenye picha yake. Walisema Bwana Adinani ametaka mtani wake azikwe kwa heshima. Ndani kulikuwa na wasifu. Mama Sayi akaomba asomewe. Aya ya nne ilisema kwamba Marehemu alikuwa wa kwanza kukiri kuwa ofisi za ukaguzi ni mzigo kwa wananchi, na alifurahi kuona zikiondolewa.

"Rudia hapo," Mama Sayi akasema. Ikarudiwa. Akasema, "Jeneza nimepokea, hiyo ni kazi ya mtani, mwambieni ahsante. Karatasi rudini nazo."

Sayi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, mimi Jumatatu naingia kazini."

"Najua, mwanangu."

"Wataisikia ikisomwa. Yeye mwenyewe atakuwepo."

"Najua. Wewe unasemaje?"

Sayi alimwangalia mkewe na mtoto. Alikaa chini hapo hapo kizingitini. Halafu akawaambia wale watu wawili wasubiri, akaingia ndani, akatoka na funguo za lori, akawapa pamoja na karatasi zao.

Kwa hiyo karatasi mliyoshika leo ni kopi nyeusi, na picha haionekani vizuri. Mtuwie radhi. Bwana Adinani Kondo yuko hapa, amekaa na waombolezaji, na familia inasema yuko mahali pake. Akitaka kuimba aimbe. Ila mbele yake na mbele yenu nyote inasomwa hivi: Masolwa Sayi Lugembe alisema mawe yalitoka mkononi mwake siku mbili. Hakusema kingine. Hakuomba ofisi ifutwe. Mizani ya Puge alipoipima ilikuwa inakula kilo sita.

Marehemu ameacha mjane, Bertila. Watoto watatu, Sayi, Advera na Lugembe. Mkwe mmoja, Jenifa. Mjukuu mmoja, Bertila mdogo, mwenye miezi mitano. Ndugu wanne, na majirani wa Mtendeni na Puge.

Mungu ampokee, na ampe pumziko ambalo mwisho wa siku zake hapa hakulipata.